Kichupa Kizima

9 Januari

Dada mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mwanao kule kwa mumewe pia. Mimi sijambo, ila miguu. Tangu wanafunzi wa mwaka wa nne warudi, nazunguka nao wodini kuanzia asubuhi hadi saa nane, kisha nakimbilia mhadhara na chaki mfukoni.

Nina habari njema. Lile jedwali langu la sindano ya kifua kikuu limepita. Wizara imelichapa na kulisambaza kliniki zote mwezi uliopita, na chini kabisa kuna jina langu.

Marehemu shemeji alikuwa akinitania kwamba mimi ni daktari gani nisiye na foleni mlangoni. Basi kazi yangu ndiyo hiyo. Wenzangu wanaujua ugonjwa. Mimi naifuata dawa ikishaingia mwilini: inakwenda wapi, inakaa saa ngapi, kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinaumiza. Zamani mgonjwa mwenye kilo hamsini na kuendelea alipewa kichupa kizima cha sindano, aliye chini ya hapo robo tatu. Nilitembelea kliniki kumi na nne, Dada. Robo tatu ya muuguzi mmoja ilikuwa nusu ya mwingine. Mabomba ya sindano yamefutika namba. Watu walikuwa wanapunjwa dawa bila kujua, na kifua kinarudi. Nikapima damu za wagonjwa mia mbili na kumi, nikakokotoa, nikaandika: kila mtu mzima kuanzia kilo arobaini apewe kichupa kizima. Basi. Hata muuguzi aliyechoka hawezi kukosea.

Mkuu wa idara ameninong'oneza kwamba uprofesa kamili uko njiani, labda Septemba.

Najua kwenye mazishi ya shemeji nilikaa siku moja tu. Ilikuwa wiki ya mitihani. Bado naona aibu. Nitakupigia Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwenye simu ya dukani kama kawaida.

Mdogo wako,
Kwanini

—

11 Februari

Bwana Kwanini,

Marahaba, mara mia. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikampelekea mwenye duka naye aisome. Ulipokuwa na miaka mitano ulimwuliza baba kwanini kivuli hakilowi mvua ikinyesha, badala ya jibu akakupa jina. Leo serikali nzima inakusikiliza. Mama angekuwepo angetembea barabarani kama amemeza fimbo.

Jedwali lako nimeliona kwa macho yangu. Nilimsindikiza jirani yangu kliniki ya kifua, nikalikuta ukutani juu ya mzani. Nikalisoma mpaka jina. Nikamwambia muuguzi, "Huyu nimemfundisha mimi kufunga kamba za viatu." Akacheka, akasema, "Basi ulimfundisha vizuri, maana kazi imekuwa rahisi."

Sasa huyo jirani ndiye kanituma. Kifua kilimpata mwaka juzi akatibiwa, sasa kimerudi. Yuko wiki ya tano ya sindano. Masikio yanamlia mchana kutwa, kama birika linalokaribia kuchemka. Akisimama ghafla anashika ukuta. Muuguzi anasema pengine apunguziwe, kwa kuwa mwenyewe ni mwembamba kama uzi, kilo arobaini na moja. Jirani hataki kupunguziwa. Anasema aliyeandika pale ukutani anajua kuliko sisi sote. Nimwambieje?

Mimi mzima. Ukinisikia nakohoa kwenye simu ni vumbi la vitambaa, nina sare za shule themanini za kushona.

Dada yako

—

22 Februari

Dada,

Shikamoo. Naandika mbio, gari la uwanja wa ndege liko nje linapiga honi. Nakwenda kusoma matokeo yetu mbele ya wataalamu wa nchi kumi na tisa.

Mwambie jirani avumilie. Mlio wa masikio si jambo geni kwa sindano ile, mara nyingi huisha dozi ikiisha. Wagonjwa wa kifua hutafuta kila kisingizio cha kuacha sindano kwa sababu zinauma. Wakiacha wanakufa, na wanawaachia wengine ugonjwa. Kilo arobaini na moja iko ndani ya jedwali. Na huyo muuguzi mwambie asipunguze kitu. Akipunguza yeye, kesho kila mmoja atapunguza kwa jicho lake, na tutarudi kulekule tulikotoka.

Nitakuletea kitambaa kizuri.

Kwanini

—

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimepiga simu Machi, nimepiga Aprili. Machi mwenye duka alisema umesafiri kwa mwanao. Nilimwandikia mwanao, anasema hukwenda. Mwezi huu ulikuja. Nilikusikia. Ulisema "Haloo? Haloo?" mara nne, kwa sauti ya ukali, nami nikawa nakujibu, "Dada, ni mimi, nakusikia vizuri," halafu ukakata. Nilipopiga tena mwenye duka alisema umeshaondoka, hukuaga.

Mimi si mtoto. Mtu akikatiwa simu anaelewa. Unanikasirikia kwa ajili ya mazishi. Una haki. Nilifika saa tatu asubuhi shemeji akiwa ameshalazwa sebuleni, na kesho yake saa kumi na mbili nilikuwa kwenye basi na karatasi za mitihani mapajani. Hukuniambia kitu siku ile, na nikadhani kunyamaza ni kusamehe.

Nisemeshe, Dada. Nitukane ukitaka. Niko tayari kuja Juni.

Mdogo wako

—

5 Mei

Kwanini,

Simu ya dukani mbovu, inakoroma kama mzee. Mimi sijakukatia simu, imejikata. Kuanzia leo tuandikiane barua. Barua haina mkoromo.

Mazishi yamepita. Shemeji yako mwenyewe alikuwa akisema, "Yule kijana ana watu wengi wa kuwahudumia." Sina kinyongo cha mazishi.

Juni usije. Paa linafumuliwa, nyumba haina hata pa kuweka kiti.

Jirani alimaliza sindano mwanzoni mwa Machi. Makohozi yamepimwa mara mbili, safi. Anaendelea na vidonge. Nilidhani utauliza habari zake.

Dada yako

—

9 Julai

Dada mpenzi,

Shikamoo. Kitambaa nimekituma kwa posta, natumaini kimefika.

Naomba msaada wako, tena nakuomba uufanye kimyakimya. Tangu mwaka jana mimi ni mwenyekiti wa Kamati ya Usalama wa Dawa. Kliniki yoyote dawa ikimdhuru mtu, inajaza fomu ya manjano, inatuletea. Wiki iliyopita nilifungua bahasha, ndani mna fomu yenye mhuri wa kliniki ya kifua ya huko nyumbani. Jina la mgonjwa halikuandikwa. Mwanamke, miaka arobaini na tisa, kilo arobaini na moja. Sindano siku sitini, kichupa kizima. Mlio wa masikio kuanzia wiki ya nne, kizunguzungu, kisha kusikia kukapungua. Mwishoni, kwenye kisanduku cha "hali ya mgonjwa sasa", muuguzi ameandika: "Hasikii. Masikio yote mawili."

Nikasema moyoni, huyu si jirani yake Dada?

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Inawezekana ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Inawezekana figo zake zilikuwa mbovu tangu zamani, au masikio. Naomba umtembelee, umwulize taratibu: aliwahi kuumwa masikio utotoni? Kwao kuna kiziwi? Alikuwa anatumia dawa nyingine yoyote, hata za mitishamba? Nimemwandikia muuguzi pia, lakini mtu husema ukweli zaidi kwa jirani kuliko kwa karatasi.

Mhadhara wangu wa uprofesa ni tarehe 14 Septemba. Nilikuwa nataka uje ukae mstari wa mbele. Kabla ya siku hiyo nahitaji kujua jambo hili limekaaje.

Kwanini

—

21 Julai

Kwanini,

Nimemwuliza.

Hajawahi kuumwa masikio. Utotoni alikuwa anasikia mpaka mdogo wake akigeuka kitandani.

Kwao hakuna kiziwi.

Hakutumia dawa nyingine. Alitumia hiyo tu, kila siku, hakukosa hata moja. Hata siku ya mvua kubwa alikwenda.

Kitambaa kimefika. Kizuri.

Dada yako

—

2 Agosti

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Usalama wa Dawa

Mheshimiwa Daktari,

Nimepokea barua yako ukiuliza habari za mgonjwa wa fomu niliyoijaza. Nimekaa nayo siku nne. Nilimwahidi mgonjwa nisimtaje, na kazi yetu inakataza. Lakini juzi alinionyesha barua uliyomwandikia, ile unayomwomba akamtafute jirani, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha. Nilimwandikia kwenye karatasi, "Mama, mimi siwezi tena." Hakunikataza. Aliinuka, akatoka.

Hakuna jirani. Mgonjwa ni dada yako.

Kifua kilimrudi Desemba mwishoni. Alipoona jina lako ukutani siku ya kwanza, alisimama pale akiligusa kwa kidole. Wiki ya tano aliponiambia habari ya masikio, nilitaka nimpe robo tatu kama tulivyozoea zamani. Akakataa, akasema ngoja akuulize. Kwa siku zile za kungoja aliendelea na kichupa kizima. Jibu lilipokuja alinisomea yeye mwenyewe, kwa sauti ambayo tayari ilikuwa imeanza kupanda bila yeye kujua: "Asipunguze kitu." Akaniambia, "Umesikia? Piga."

Nikapiga. Mimi ndiye niliyepiga, Daktari. Nina miaka ishirini na sita kazini, na mkono wangu uliniambia hapana. Nilitii karatasi.

Habari ya fomu ni hivi. Nilimweleza kwa maandishi kwamba kuna kamati, na kwamba mwenyekiti ni wewe. Akafikiri, akasema, "Jaza. Andika kila kitu, jina tu usiandike." Nilimwuliza kwanini. Akasema anataka uujue ugonjwa, hataki umjue mgonjwa.

Nisamehe kwa kuandika marefu. Naambatanisha kadi yake ya uzito.

Muuguzi wa zamu,
Kliniki ya Kifua

—

8 Agosti

Dada,

Nimeandika karatasi sita nimezichana.

Kila ninapoanza na "shikamoo" najiona nikikusalimia kwenye ile simu, wewe ukiwa umeshika mkono wa simu, unasema haloo, na mimi niko ndani yake nasema nakusikia vizuri.

Barua yako ya Februari iko hapa mezani. Kila dalili umeitaja. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne angeisoma angesema simamisha sindano leo. Nimewafundisha mimi mwenyewe, mistari hiyohiyo, kila mwaka, ubaoni.

Sina cha kuomba. Napanda basi Ijumaa. Paa likiwa limefumuliwa nitalala chini.

Mdogo wako

—

20 Agosti

Mdogo wangu,

Umeondoka juzi na nyumba bado ina harufu ya sabuni yako. Lile daftari tulilokuwa tukiongea nalo umeliacha mezani. Nimelihesabu, kurasa thelathini na moja, zote mwandiko wako, maana mimi nilikuwa najibu kwa mdomo. Mtu akilikuta atadhani ulikuwa unaongea peke yako siku nne.

Kuna mambo nilishindwa kukuambia usoni kwa sababu ulikuwa unalia, na mimi tangu zamani ukilia naacha nilichokuwa nasema. Kwa hiyo soma sasa, tena soma ukiwa umekaa.

Umeniuliza mara tatu kama nakukasirikia kwa hesabu. Hapana. Mtu hukosea hesabu. Mimi nimeshawahi kukata suruali ya bwana harusi fupi kwa kiganja kizima, siku moja kabla ya harusi. Na wewe ulitaka kuwaokoa watu, naamini hivyo mpaka leo.

Nakukasirikia kwa ile barua ya Februari. Niliiandika siku tatu. Nilipima kila neno nisikutishe, lakini uelewe. Ukanijibu gari linapiga honi. Ukasema wagonjwa wanatafuta kisingizio. Mimi, kisingizio! Nimesoma mstari huo mara nyingi kuliko maombi yangu.

Na usiniambie, "Ungesema ni wewe ningekuja." Umeliandika hilo ukurasa wa tisa. Ndilo linaloniuma kuliko masikio. Najua ungekuja. Ungeiacha ndege na wataalamu wako wa nchi kumi na tisa, ungepanda basi usiku na mchana. Kwa ajili ya dada. Kwa jirani hukuinuka hata kitini. Sasa huyo jirani, angekuwa kweli yupo, alikuwa amekukosea nini?

Langu nalo ninalo, silikwepi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nami nikajifanya sijalisikia hilo nikiwa bado nasikia. Wiki ya nne nilijua mwili wangu una kasoro. Wiki ya tano muuguzi naye alijua. Tulikuwa wanawake wawili watu wazima, tukaitazama karatasi ukutani tukaona aibu kuibishia. Nilisema, kama mdogo wangu kakosea, basi nimekosea mimi niliyemlea. Ulikuwa ni majivuno, si imani. Nimechelewa kulijua.

Baadaye nikanyamaza kwa sababu nyingine. Nilitaka kwanza ulijue jambo hili kama daktari. Nilijua ukilijua kama mdogo wangu utalia, na mtu anayelia hahesabu. Na lazima uhesabu. Mimi ni mmoja. Wenye kilo arobaini na moja nchi hii ni wangapi?

Nenda kahesabu. Usirudi huku kunipikia uji na kunifagilia uwanja, hayo naweza.

Cherehani sasa naisikia kwa miguu. Uzi ukikatika najua kwa kidole. Ila jana nimeshona mkono mzima wa gauni bila uzi ndani, nikacheka, halafu sikucheka.

Dada yako

—

19 Oktoba

Dada,

Nimehesabu.

Niliandikia kliniki zote, si kwa karatasi ya kamati, kwa mkono wangu. Nyingi zimejibu. Hawakuwa wamejaza fomu kwa sababu waliona jedwali limetoka juu, na cha juu hakilalamikiwi. Mpaka leo ni watu thelathini na wanane. Karibu wote chini ya kilo hamsini. Mmoja ni mwalimu, shule imemwondoa darasani. Mmoja ni dereva. Mmoja ni mama aliyekuwa akivuka barabara, hakusikia lori. Mumewe ndiye aliyejibu barua, ameandika mistari miwili tu, na ananishukuru kwa kuuliza. Huyo nimeshindwa kumjibu.

Upande wa pili nao upo, nami sitaki kuuficha. Waliorudiwa na kifua wamepungua, tena sana. Kuna watu wako hai kwa kile kichupa kizima. Nilizoea kuwaweka upande mmoja wa mizani na kuridhika. Sasa sijui niwaweke wapi.

Nilimpelekea mkuu wa idara kila kitu wiki moja kabla ya mhadhara. Si mtu mbaya, alinilea kitaaluma. Alifunga mlango akasema, "Lifute jedwali, sawa. Lakini liite marekebisho, usiliite kosa. Subiri Septemba ipite." Nilimwambia kuna mtu atapigwa kichupa kizima kesho asubuhi saa mbili. Akasema, "Wewe una huruma kwa sababu ni dada yako." Hilo ulikuwa umeshaniandikia wewe.

Siku ya mhadhara ukumbi ulijaa. Nilikuwa nimeandaa kuzungumzia safari ya dawa mwilini. Badala yake nilisoma barua mbili: ya mwanamke mmoja kuhusu jirani yake, ya tarehe 11 Februari, na ya daktari, ya tarehe 22. Sikusema ni za nani. Nisamehe sikukuomba ruhusa. Nikawauliza wanafunzi, "Daktari huyu amekosa nini?" Msichana wa mwaka wa tatu alinyoosha mkono akasema, "Hakuuliza hata swali moja." Nikawaambia daktari ni mimi, nikawaonyesha hesabu ya watu, siku ile ikiwa bado ishirini na tisa, nikashuka. Hakuna aliyepiga makofi, na wala sikutaka.

Uprofesa umewekwa kando. Uenyekiti nimeuacha mwenyewe. Hawakunifukuza, Dada. Nilitamani wanifukuze. Jedwali limeondolewa, kila kliniki imepata simu, na jipya lina mistari mitatu na swali ambalo muuguzi lazima aliulize kila wiki kabla ya sindano: masikio yanalia? Akijibiwa ndiyo, anasimamisha, hahitaji ruhusa ya mtu wa juu. Nimeomba jina langu lisiandikwe chini.

Siku za Jumanne sasa nakaa kliniki ya kifua ya hapa, ninapima uzito. Nina foleni mlangoni. Shemeji angefurahi kuiona.

Masikio yako hayatarudi. Nimesoma kila kilichoandikwa, kwa lugha zote nilizonazo. Nilidhani ni haki yako nikuambie mimi.

Mdogo wako

—

17 Februari

Mdogo wangu,

Nilikuwa nimeshajua hayatarudi. Lakini umefanya vyema kusema.

Binti yangu amejifungua hapa kwangu, juzi Alhamisi, mtoto wa kike, mzima, kilo tatu na nusu. Ana vidole virefu, atashona au ataiba. Mama yake anaendelea vizuri.

Sasa nisikilize. Namwona mtoto akilia. Namwona kinywa kimefunguka, ngumi zimekunjwa, tumbo linapanda na kushuka. Nimewapa watu daftari nikawauliza sauti yake ikoje. Binti yangu anasema, "Analia tu, mama, kama watoto." Muuguzi kasema kama paka. Mwenye duka kasema ana sauti ya kiongozi. Kila mtu na lake, na wanajibu haraka kama swali lenyewe ni la kijinga. Nimeona haya kuuliza tena. Na siku hizi ninapoongea watu wanarudi nyuma hatua moja, wanasema sauti yangu inavuka barabara, basi napunguza maneno.

Wewe kazi yako ni kupima. Njoo umsikilize, uniandikie. Usiandike kidaktari.

Dada yako

—

6 Machi
Kwa mkono, kutoka chumba cha pili

Dada,

Nimekaa hapa tangu asubuhi, mlango wazi, daftari magotini. Nimemsikiliza mara sita. Binti yako ananiona nimerukwa na akili.

Si paka. Muuguzi kakosea. Paka ana sauti nyembamba, huyu sauti yake ni nene na ina mchanga kidogo ndani. Haanzi kulia ghafla. Kwanza anasafisha koo, kama mtu mzima mkutanini anayetaka kutoa malalamiko. Halafu anatoa vilio vifupi, kimoja, kimoja, na kati yake anangoja, nadhani anasikiliza kama kuna anayekuja. Asipomwona mtu ndipo hukasirika. Hapo sauti inapanda na haikatiki, inapita ukutani, inafika kwenye mifupa ya mtu. Nilijikuta nimesimama bila kukusudia.

Kuna jambo ambalo usingeweza kulijua kwa macho. Ile saa unayomwona amefungua kinywa mpaka mwisho, uso umekunjamana, anatetemeka, unadhani ndipo analia kuliko saa zote: hapo hatoi sauti kabisa. Pumzi imeisha. Ni kimya, wakati huo tunamsikia sawasawa mimi na wewe. Kisha anavuta hewa, na ile hewa ikiingia inalia kidogo, kama bawaba.

Akimaliza ana kwikwi tatu. Nimehesabu, mara zote sita ni tatu.

Saa nne uliingia ukasema, "Nani kamkera mjukuu wangu?" kwa hiyo sauti inayovuka barabara. Alinyamaza palepale. Nikasema ni bahati. Saa sita ukarudi kuchukua beseni, ukasema maneno mawili na binti yako, akanyamaza tena, akageuza kichwa upande wako. Mara ya tatu nilitazama saa. Ni sekunde nne. Kwa mama yake huchukua dakika nzima, na kwangu ndiyo kwanza huongeza.

Ameanza tena sasa hivi, yuko kwenye vile vifupi. Nakuletea karatasi hii jikoni. Ukishaisoma nenda kaongee naye, Dada, na usipunguze sauti.

Mdogo wako